Kioo cha Hanamu katika Darubini: Taswira, Picha na Maneno Yake

Darubini ndogo nyingi zinazouzwa leo huja na kipande kidogo chenye kona, kinachochomekwa mkiani mwa bomba, kabla ya lenzi ya jichoni. Ndani yake mna kioo kidogo bapa kilicholazwa kwa hanamu. Kazi yake yaonekana nyepesi: kuipokea nuru ijayo moja kwa moja na kuitoa kwa upande, ili mtazamaji ainame kidogo badala ya kulala chali. Lakini kioo hicho hakibadili njia ya nuru peke yake. Huibadili na taswira yenyewe, na badiliko hilo hubaki katika picha hata baada ya darubini kurudishwa sandukuni. Mtu aupigaye mwezi picha kwa kupitia kioo hicho, asitambue lililotendeka, huwa ametoa habari isiyo kweli juu ya mwezi, ingawa kila shimo na kila mlima umeonekana waziwazi.

Makala haya yana madhumuni mawili yanayofungamana. La kwanza ni kueleza jinsi kioo hicho kinavyofanya kazi, na lini kinamfaa au hakimfai mpiga picha za mwezi na nyota. La pili ni kuonyesha kwamba maneno mawili tuliyozoea kuyatumia katika jambo hili, yaani kugeuza na kupindua, hayatoshi. Kwa kuwa kila moja hubeba maana mbili ambazo katika elimu ya falaki ni lazima zitenganishwe. Mwandishi ni mtu wa taaluma ya lugha, wala si mwanafalaki. Lakini suala la pili haliwezi kuamuliwa bila ya kulifahamu la kwanza. Kwa hiyo tutaanza na kitu chenyewe, ndipo tuliendee jina lake.

KITU CHENYEWE

Darubini hukusanya nuru kwa njia moja kati ya mbili. Ya kwanza ni ya lenzi: nuru hupenya lenzi kubwa ya mbele, hupinda, na miale yake hukutana karibu na mkia wa bomba, mahali paitwapo fokasi. Ya pili ni ya kioo: nuru huingia mpaka mwisho wa bomba, hupiga kioo kikubwa chenye bonde mfano wa sahani, na hurudishwa ilikotoka huku miale ikikaribiana. Katika kila moja, taswira ndogo huumbika mahali pa fokasi, na hapo ndipo inapotazamwa kwa lenzi ya jichoni au kupokewa na kihisi cha kamera.

Darubini ya lenzi ina taabu moja, ambayo watu wa nchi zetu huipata zaidi kuliko watu wa kaskazini ya mbali. London iko kwenye latitudo ya digrii 51 na nusu kaskazini, na mwezi huko haufiki utosini kamwe. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini ya ikweta. Hapa mwezi na sayari hupita utosini, au karibu nao, mara nyingi katika mwaka. Darubini ya lenzi ikielekezwa utosini, mkia wake huelekea ardhini, na mtazamaji hana budi kulala chini yake au kuitesa shingo. Kioo cha hanamu huondoa taabu hiyo. Uso wake umelazwa kwa pembe ya digrii 45 mbele ya nuru. Na kwa kuwa nuru huondoka kiooni kwa pembe ileile iliyokijia nayo, njia yake hukata kona ya digrii 90 kamili na kutokea ubavuni.

Mpango huu ni wa zamani. Isaac Newton alipotengeneza darubini yake ya kioo mwaka 1668, shida iliyomkabili ni kwamba taswira iliumbika ndani ya njia ya nuru inayoingia, mahali ambapo kichwa cha mtazamaji kingeziba kila kitu. Akaweka kioo kidogo bapa kwa hanamu katikati ya bomba, kikaitoa taswira nje kwa tundu la ubavuni. Darubini ile ilikuwa fupi kuliko shibiri moja, na vioo vyake vilikuwa vya madini ya shaba na bati, wala havikuwa vya kioo. Hata hivyo mpango wake ndio unaofuatwa hadi leo katika darubini zinazoitwa kwa jina lake.

JINA LA KITU

Msomaji makini atakuwa amesimama kidogo katika sentensi iliyotangulia hiyo ya mwisho: vioo visivyokuwa vya kioo. Katika Kiswahili, kioo ni jina la maada ya dirishani, na pia ni jina la chombo cha kujitazamia. Nyumbani hakuna hasara. Aliyeambiwa alete kioo ajitazame haleti dirisha. Lakini katika darubini maana hizo mbili hupingana. Lenzi, ambayo ni kioo kwa maana ya maada, huipitisha nuru na kuipinda. Kioo kwa maana ya pili huizuia nuru isipite na kuirudisha. Mwandishi anayesema "kioo cha mbele cha darubini" hajasema bado kama nuru hupita au hurudi. Dawa yake tunayo tayari: neno lenzi limekwisha kuingia katika lugha na kukaa vizuri katika ngeli yake. Basi kipitishacho nuru na tukiite lenzi, na jina la kioo liachiwe kirudishacho nuru. Na inapobidi kuitaja maada, tuseme maada ya kioo.

Limebaki neno hanamu. Wapo watakaoona kwamba jina lifaalo ni "kioo cha ulalo", kwa kuwa ulalo ndilo neno la hisabati linalotumika shuleni kwa dhana iliyo karibu. Lakini ulalo ni mstari uungao pembe mbili zinazokabiliana za umbo kama mstatili. Kioo chetu hakiungi pembe yoyote na pembe nyingine. Kimelazwa tu kwa mshazari mbele ya nuru. Mafundi seremala wana neno lao kwa mlazo huo: hukata ubao hanamu. Neno hilo limo katika matumizi tangu zamani, lina maana moja, wala halina haja ya kuazimwa kutoka popote. Tutaona hapa chini kwamba mpiga picha anauhitaji na ulalo pia, kwa kazi yake halisi. Kwa hiyo si busara kuyachanganya.

HALI MBILI ZA TASWIRA

Tuje sasa kwenye kiini cha jambo. Tandika kanga juu ya mkeka, jina lake likisomeka vizuri. Ukiizungusha nusu mzunguko papo hapo mkekani, bila ya kuinua upande wake wa chini, maneno husimama kichwa chini: juu imekuwa chini, na kushoto kumekuwa kulia. Lakini msomaji akihamia upande wa pili wa mkeka, atayasoma kama kawaida. Sasa itundike kanga hiyo kambani na uitazame kutoka nyuma, jua likiipenya. Maneno yamesimama wima, ila yanakwenda kinyume, kutoka kulia kwenda kushoto, na kila herufi imekupa kisogo. Hapa msomaji ainamishe kichwa, alale, asimame atakavyo. Maadamu yuko nyuma ya kanga, maneno hayatakaa sawa.

Hizi ni hali mbili tofauti kabisa. Katika ya kwanza hakuna kilichoharibika ila mkao. Katika ya pili umbo lenyewe limebadilika, kama vile kiatu cha kushoto kisivyoweza kuwa cha kulia kwa kuzungushwa. Na ndizo hali mbili zinazoonekana katika darubini. Mwenye kutazama kwa darubini ya lenzi isiyo na kioo cha hanamu huona taswira ya hali ya kwanza: iko kichwa chini, lakini umbo lake ni la kweli. Akichomeka kioo cha hanamu na kutazama tena, huona taswira ya hali ya pili: juu ni juu na chini ni chini, lakini kulia na kushoto vimebadilishana mahali. Wasiojua hufurahi kwa kuwa taswira "imekaa sawa", kumbe ile ya kwanza, iliyokaa vibaya, ndiyo iliyokuwa kweli.

Hebu tuyapime maneno yetu kwa kipimo cha kanga. Chombo kikipigwa na dhoruba hupinduka. Mkeka hupinduliwa ili upande wa chini uwe juu. Ukurasa hupinduliwa ili nyuma yake isomwe. Kupindua, basi, kwaweza kuwa kuweka kichwa chini, na kwaweza kuwa kutazama upande wa pili. Kugeuza ndiko kupana zaidi: mtu hugeuka nyuma, nguo hugeuzwa ndani nje, na tabia hugeuka. Mtu akisoma katika maelezo kwamba kioo cha hanamu "huipindua taswira" au "huigeuza", hajaambiwa kama kanga imezungushwa mkekani au imetazamwa kutoka nyuma. Na hilo ndilo alilolihitaji kuambiwa.

Twapendekeza, kwa hiyo, istilahi mbili. Hali ya kwanza iitwe taswira iliyozungushwa. Kuzungusha hakumaanishi kamwe kutazama upande wa nyuma. Hali ya pili iitwe taswira ya kiooni, kwa kuwa kila mtu amekwisha kuiona sura yake kiooni na anajua kwamba saa iliyo mkononi mwake wa kushoto huonekana katika mkono wa kulia wa yule aliye ndani. Kitendo cha kioo, nacho, kina neno lake: kuakisi. Asili yake ya Kiarabu imo katika shina lenye maana ya kwenda kinyume, nayo inakubaliana vema na jambo lenyewe. Lakini tuangalie: kuakisi ni jina la kitendo, na taswira ya kiooni ni jina la tokeo. Kama tutakavyoona sasa hivi, taswira yaweza kuakisiwa mara mbili na isiwe ya kiooni.

KANUNI YA WITIRI NA SHUFWA

Kanuni yenyewe ni fupi. Hesabu ni mara ngapi nuru imeakisiwa tangu ilipoingia katika darubini mpaka ilipofika katika kihisi au jichoni. Hesabu ikiwa witiri, yaani 1, 3 au 5, taswira ni ya kiooni. Hesabu ikiwa shufwa, yaani 0, 2 au 4, taswira ni ya kweli, ingawa huenda ikawa imezungushwa. Lenzi hazihesabiwi, lenzi huzungusha, haziakisi.

Kwa kanuni hii msomaji aweza kuihukumu darubini yoyote. Ya lenzi peke yake: 0, taswira ni ya kweli. Ya lenzi yenye kioo cha hanamu: 1, taswira ni ya kiooni. Ya Newton ina kioo kikubwa na kile kidogo cha hanamu: 2, taswira ni ya kweli, japo mtazamaji huiona imezunguka. Zile fupi nene, ambamo kioo kidogo huirudisha nuru kupitia tundu la katikati ya kioo kikubwa, nazo ni 2. Lakini karibu kila mara huuzwa pamoja na kioo cha hanamu cha mkiani, na hapo hesabu huwa 3, taswira ikawa ya kiooni. Kadhalika kuna mche wa kioo ulioitwa kwa jina la Mwitaliano Giovanni Battista Amici, ambao mahali pa uso mmoja wa kuakisi una nyuso mbili zilizokutana kama mapaa ya nyumba. Ndani yake nuru huakisiwa mara 2. Kwa hiyo darubini ya lenzi yenye mche huo huonyesha taswira iliyokaa sawa na iliyo kweli kwa pamoja. Wenye kutazama ndege na meli huupenda. Mpiga picha za nyota hauamini sana, kwa sababu mstari wa kukutania mapaa hayo waweza kuchora ufito wa nuru juu ya nyota kali.

TASWIRA IKIWA PICHA

Tofauti ya hali hizi mbili ni ndogo kwa mtazamaji na kubwa kwa mpiga picha. Taswira iliyozungushwa haimdhuru hata kidogo. Kamera yaweza kuzungushwa katika bomba lake, na picha yaweza kuzungushwa mezani. Tena lenzi ya kila kamera ya kawaida huiweka taswira kichwa chini juu ya kihisi, nayo kamera huionyesha ikiwa imesimama. Taswira ya kiooni haiondoki hivyo. Picha ya mwezi iliyopigwa kwa simu juu ya lenzi ya jichoni, kioo cha hanamu kikiwepo, itakuwa ya kiooni, na mwenyewe akiizungusha mchana kutwa haitarudi. Hana budi kutumia amri nyingine ya programu yake, ile inayoiakisi picha ubavu kwa ubavu. Hapo 1 huongezwa 1 ikawa 2, na shufwa humrudishia kweli.

Wapiga picha wa kwanza waliijua hesabu hii kabla ya programu zozote. Picha za mabamba ya fedha za Louis Daguerre, zilizotangazwa Ufaransa mwaka 1839, zilikuwa za kiooni kwa maumbile yake, kwa sababu bamba lilitazamwa kwa upande uleule ulioipokea nuru. Aliyetaka maandishi ya dukani yasomeke katika picha aliweka kioo au mche wa hanamu mbele ya lenzi: akaongeza witiri juu ya witiri. Kioo kilekile kinachopotosha taswira iliyo kweli ndicho kinachonyosha iliyopotoka. Si kasoro ya kioo, ni suala la hesabu.

JE, MPIGA PICHA AKITUMIE?

Jibu hutegemea darubini na kitu kinachopigwa. Katika darubini ya Newton hakuna la kuchagua; kioo cha hanamu ni sehemu ya mwili wake. Uso wake hukatwa duaradufu ili, ukilazwa kwa digrii 45, uonekane mviringo mbele ya nuru: chenye upana wa milimita 50 huwa na urefu wa milimita 71 hivi. Kimesimama katika njia ya nuru, kwa hiyo huzuia kiasi chake; kioo kikubwa cha milimita 200 kikiwa na kioo kidogo cha milimita 50, sehemu 1 katika 16 ya nuru hupotea. Vyuma vyembamba vinavyokishikilia huacha alama katika kila picha: vikiwa vinne, nyota kali huota miiba minne, vikiwa vitatu, miiba huwa sita. Miiba hiyo haimo mbinguni.

Katika darubini ya lenzi na zile fupi nene, kioo cha hanamu cha mkiani chaweza kutolewa, na kwa picha zinazohitaji kuikusanya nuru muda mrefu shauri jema ni kukitoa. Sababu ni nne. Ya kwanza ni uzito: kamera ikining'inia kwenye kona hulegeza viungio, huinama, na nyota za pembezoni hurefuka kama punje za mchele. Ya pili ni nuru inayopotea: uso wa alumini ya kawaida hurudisha sehemu 88 hadi 90 hivi katika 100, ingawa nyuso bora zilizopakwa tabaka nyingi hufikia 99. Ya tatu ni usawa wa uso. Urefu wa wimbi la nuru ya kijani ni nanomita 550 hivi. Kioo kizuri hutakiwa kisipotoke zaidi ya sehemu moja ya kumi ya urefu huo, yaani nanomita 55, ambapo unywele wa mtu aghalabu huzidi nanomita 50,000. Na kosa la kioo hukuzwa: likiwa kwa digrii 45, kosa la uso huzidishwa mara 1.4 katika nuru inayoondoka.

Ya nne ni upana, na hapa ndipo ulalo unapopata kazi yake halali. Kihisi cha kamera kubwa ni mstatili wa milimita 36 kwa 24, na ulalo wake ni milimita 43.3. Taswira haina budi kuufunika ulalo huo wote. Bomba la kawaida la lenzi za jichoni lina upana wa milimita 31.7, kioo cha hanamu cha bomba hilo hakiwezi kuufunika, na pembe za picha hugubikwa na giza. Bomba la milimita 50.8 huweza. Sasa msomaji afikiri kidogo juu ya mtafsiri aliyekwisha kukiita kioo chetu "kioo cha ulalo": angelazimika kuandika kwamba ulalo wa kihisi umezidi upana wa kioo cha ulalo, na mwanafunzi angebaki akitafuta ni ulalo upi unaosemwa.

Hata hivyo, kukitoa kioo hicho si kukichomoa tu. Nuru hutumia njia fulani ndani yake, nacho kile cha bomba pana hula milimita 100 hivi. Darubini nyingi za lenzi zilipangwa zikikihesabu. Kikitolewa, kamera huwa karibu mno na lenzi, na fokasi haipatikani mpaka kipande cha bomba kiongezwe kufidia urefu uliopungua. Wengi hudhani darubini imeharibika, kumbe urefu wa njia ndio umepungua.

Kwa picha za mwezi na sayari, zinazohitaji sehemu ndogo tu ya sekunde, hukumu ni nyepesi zaidi. Simu au kamera ndogo yaweza kuwekwa juu ya lenzi ya jichoni na kioo cha hanamu kikiwepo, na picha ikatoka nzuri. Mradi iakisiwe tena baadaye. Vilevile kuna vipande vya hanamu vyenye kioo cha bawaba. Kioo kikiwa chini, nuru hupanda kwa mtazamaji ili atafute na kulenga. Kikiinuliwa, nuru huendelea moja kwa moja hadi kwenye kamera. Ni ufundi uleule wa kamera za zamani kidogo ambazo kioo chake cha ndani huruka juu kila picha inapopigwa. Mtumiaji wa chombo hicho akumbuke kwamba alichokiona kilikuwa na witiri, na alichokipiga kina shufwa. Kulia kwa jicho lake si kulia kwa picha yake.

Neno moja la tahadhari lisisahauliwe. Kioo cha hanamu si kinga ya jua. Darubini isielekezwe juani, wala kwa jicho wala kwa kamera, pasipo kichujio maalumu cha jua kilichofungwa imara mbele ya bomba.

KUJARIBU KWA MWEZI

Mtu aliyeletewa picha ya mwezi, asijue ilipigwa kwa darubini gani, atatambuaje kama ni ya kweli au ya kiooni? Kuangalia juu na chini hakumsaidii, hasa katika nchi zetu, ambako mwezi huonekana umelala kama mtumbwi na hubadili mkao kati ya kuchomoza na kuchwa. Anahitaji jaribio lisilojali mzunguko.

Jaribio ni hili. Katika mwezi mpevu atafute alama nne: shimo la Tycho lenye miale mirefu myeupe, bonde jeusi la mviringo la Mare Crisium lililojitenga karibu na ukingo, shimo la Plato lenye sakafu nyeusi, na doa jeusi la Grimaldi karibu na ukingo wa pili. Kwa kufuata ukingo, atoke Tycho aende Crisium, kisha Plato, kisha Grimaldi, arudi Tycho. Akiwa amekwenda kinyume cha akrabu za saa, picha ni ya kweli, hata ikiwa imesimama kichwa chini. Akiwa amekwenda pamoja na akrabu za saa, picha ni ya kiooni.

Kwamba mambo haya si ya mzaha, historia ya ramani za mwezi yathibitisha. Kwa miaka mingi ramani hizo zilichapwa kusini ikiwa juu, kufuata taswira iliyozungushwa ya darubini. Na mashariki na magharibi ya mwezi vilihesabiwa kwa anga ya mtazamaji aliye duniani. Kwa desturi hiyo Mjerumani Julius Franz, mwanzoni mwa karne ya 20, aliliita bonde moja la ukingoni Mare Orientale, yaani Bahari ya Mashariki. Mwaka 1961 umoja wa wanafalaki wa ulimwengu uliamua kwamba mashariki ya mwezi ihesabiwe kwa mtu aliyesimama juu ya mwezi. Tangu siku hizo Bahari ya Mashariki iko kwenye ukingo wa magharibi, na jina lake halijabadilishwa.

Mwanafunzi wa Kiswahili ana haki ya kuliona jambo moja hapa. Mashariki, kwa asili ya neno lenyewe katika Kiarabu, ni mahali pa kuchomozea jua. Kwa mtu aliyesimama mwezini, jua huchomoza upande wa Mare Crisium, na huo ndio ulioitwa mashariki mwaka 1961. Uamuzi ule ulilingana na maana ya asili ya neno tunalolitumia kila siku, na mwalimu anayeueleza kwa Kiswahili hana haja ya kufafanua zaidi ya hapo.

HITIMISHO

Husemwa mara kwa mara kwamba lugha yetu haina maneno ya sayansi. Katika jambo hili ushahidi wasema vingine. Hanamu, ulalo, kuakisi, kuzungusha, witiri, shufwa na taswira yote yamo, na kila moja lina mahali pake. Upungufu tulio nao ni wa nidhamu ya kuyatumia. Twachukua neno pana lililo karibu, kama kugeuza, tukaliacha libebe mizigo miwili, kisha mwanafunzi anapokosea tukasema Kiswahili hakitoshi.

Kwa hiyo twawaomba watunga kamusi na watafsiri wa vitabu vya maelezo wazingatie mambo matatu. Kipande hiki kiitwe kioo cha hanamu, na ulalo uachiwe hisabati. Taswira iliyozungushwa na taswira ya kiooni zisiwekwe kamwe chini ya neno moja. Na chini ya kila picha ya mwezi au ya nyota iliyopigwa kwa darubini, iandikwe nuru iliakisiwa mara ngapi, na kama picha imekwisha kuakisiwa tena. Mstari mmoja wa namna hiyo watosha. Mtu atakayeona nuru mpya kando ya nyota za Kilimia, akataka kuwaambia wengine iko upande gani, ataaminika au hataaminika kwa kadiri ya usahihi wa mstari huo.